Barua ya wazi: utafiti wa hori zetu urudi dikoni, tena kwa picha

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi. Wakurugenzi wa taasisi za utafiti wa bahari na misitu. Wakuu wa hifadhi. Na wahadhiri mnaoleta wanafunzi wenu kwenye matope yetu,

Waheshimiwa, salaam aleikum, na wakubwa zangu shikamooni.

Kuna tarakimu moja ambayo ningependa kila mkazi wa Mikindani, Jomvu na Tudor aijue: asilimia 86.9. Ndicho kiasi cha msitu wa mikoko wa hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kilichopotea kati ya 1992 na 2009, kwa hesabu ya watafiti waliolinganisha ramani ya zamani na picha za setilaiti, kisha wakashuka wenyewe matopeni kupima miti. Upande wa Mwache, hori inayomwaga maji yake Port Reitz, ilipotea asilimia 45.4. Kila mwaka Tudor ilikuwa ikipoteza asilimia 5.1 ya mikoko yake, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 0.7. Matokeo hayo yalichapishwa 2014, kwa Kiingereza, katika jarida la kisayansi ambalo mtu yeyote mwenye intaneti hulifungua bila kulipa. Hakuna aliyeyaficha. Lakini mimi nimeishi kando ya hori hii miaka yote hiyo, na habari yenyewe niliipata kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kutaka nimpigie picha za mradi wake.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Siku ambazo hakuna anayeoa huwa niko hori, matope magotini, napiga picha za kaa. Siandiki kama mtaalamu. Naandika kama mtu aliyewabebea wataalamu mizigo, akawaonyesha pa kupita wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, yakipwa, akajibu hojaji zao, akawapungia mkono wakiondoka. Sina ugomvi nao. Wengi ni watu wa heshima, na kazi ya kupima vipenyo vya miti kwenye mbu na jua la saa saba si ya mchezo. Nina ugomvi na utaratibu, na utaratibu umo mikononi mwenu.

Wenyewe ni huu. Mtafiti huomba kibali Nairobi, hukilipia, huripoti kwenye ofisi zinazohusika, kisha hufika dikoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo vyao, na kuwakuta wazee wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo. Huwauliza samaki gani walikuwa wakipatikana zamani, siku hizi wako wapi, nani anakata boriti, maji yalianza kunuka mwaka gani. Wanamjibu kwa Kiswahili kutwa nzima. Majibu hayo hugeuzwa Kiingereza, hutiwa kwenye majedwali, huwa shahada au makala, na safari yake huishia hapo. Ripoti hupelekewa aliyetoa kibali, na nakala hupelekewa aliyetoa fedha. Aliyetoa majibu hayumo kwenye orodha.

Yuko mzee mmoja wa huku kwetu, mvuvi wa kaa, ambaye mkono wake ulipigwa picha na wageni kisha ukatokea kwenye jalada la ripoti. Kaa mkubwa amefungwa magando kwa kamba, mkono umemshika kwa nyuma vile inavyotakiwa. Chini ya picha hapana jina la mzee, wala la diko, wala la hori. Alipoonyeshwa kwenye simu aliutambua mkono kwa kovu la kidole gumba. Akacheka sana. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba hadi leo: “Na humo ndani wameandika nini?”

Ninachokiombea ruhusa ya kuwachosha ni hiki: kila utafiti unaofanywa kwenye hori, fukwe, miamba na misitu ya Mombasa urudi pale ulipofanyiwa, kwa Kiswahili na kwa picha, kabla mtafiti au taasisi yake haijapewa kibali kingine. Karatasi moja au mbili zinatosha. Isomwe dikoni, ibandikwe dikoni, na nakala ibaki kwa BMU na kwenye shule iliyo karibu.

Wala si hisani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya 2016 ya upatikanaji wa habari ikakitilia nguvu. Kifungu cha 69 kinaitaka dola iwahimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira, na ilinde maarifa ya jamii kuhusu viumbe. Hata mwenye mali akitaka kujenga, kanuni za 2003 za tathmini ya athari za mazingira zinadai mradi wake utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na watu wa mahali waitwe mikutanoni. Yaani anayejenga ghala lazima aje atueleze, na anayetuhesabia miti iliyokufa hana lazima?

Mtauliza picha zinaingiaje hapo.

Tazameni mchu. Ni mti wa mikoko unaoota pande mbili, mbele kabisa unakopigwa na mawimbi na nyuma kabisa karibu na nchi kavu, na kwa mbali hauna cha kumsimamisha mpita njia. Mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni wima, mingi, kama penseli zilizopandwa. Lakini chuma jani lake siku ya jua, wakati wa kaskazi, mvua ikiwa haijanyesha, ulisogeze jichoni. Juu yake mna punje nyeupe, nyingine ndogo kama vumbi, nyingine zina kona na zinameta. Ukililamba, ni chumvi. Mti unaishi kwa maji ya bahari: sehemu kubwa ya chumvi huzuiwa kwenye mizizi, na ile inayopenya hutolewa nje kupitia tezi za majani. Nina picha ya jani hilo iliyopigwa kwa lenzi ya karibu, punje zinaonekana moja moja. Nimewaonyesha watoto wa madrasa, nimewaonyesha kina mama wanaouza mahamri asubuhi pale kituoni. Hakuna aliyenambia hii ni sayansi, haituhusu. Wote waliuliza mti unafanyaje. Bi mkubwa mmoja akataka kujua kama chumvi hiyo yafaa kwa mchuzi, na akasikitika nilipomwambia kwamba angehitaji msitu mzima kwa sufuria moja.

Halafu kuna kaa. Nasema wale wadogo wa matopeni, ambao dume ana gando moja kubwa linalokaribia ukubwa wa mwili wake, na la pili dogo la kulia chakula. Ukifika umesimama, uwanja wote unakuwa mtupu, vishimo tu. Ukikaa kitako juu ya gunia ukatulia, kwanza yanachomoza macho, yamesimama juu ya vijiti vyake, kisha mwili, kisha gando linaanza kupanda na kushuka. Anaita majike na kuwafukuza madume wenzake kwa ishara hiyo hiyo moja. Anachota tope, analichuja mdomoni, anaacha kidonge kidogo, anachota tena. Jua likiwa bado chini mashariki, rangi za magando hutoka zenyewe bila kuongezwa kitu kwenye kompyuta. Nimepiga picha hizo mara nyingi kiasi kwamba wateja wangu wa harusi wameanza kunitania.

Na hapa ndipo nilipouona umuhimu wa utafiti kuliko wakati mwingine wowote. Zipo picha zangu za Mikindani zenye kaa kila mahali, mamia kwa mamia. Mtu akiziona atasema hori imepona, tazama neema. Lakini utafiti uliochapishwa 2009, uliolinganisha mikoko ya kando ya miji inayopokea maji taka na mikoko iliyo mbali na miji, katika Kenya na Msumbiji, na Mikindani yetu ikiwemo, ulikuta kwamba penye maji taka uzito wa jumla wa kaa uliongezeka huku konokono wakipungua. Tope lililorutubishwa na vyoo vyetu lina chakula kingi cha kaa wa aina ile. Wingi wao si dalili ya afya. Picha peke yake ingemdanganya mtu, na jedwali peke yake asingelisoma. Viwekwe pamoja kwenye karatasi moja, kwa lugha ya nyumbani, na mwenye macho ataelewa kabla hajamaliza chai yake.

Ipo picha ya aina nyingine isiyo na uzuri wowote, nayo pengine ndiyo yenye faida kuliko zote. Unachomeka nguzo mahali, unatia alama pa kuegemeza simu, na kila bamvua mtu anapita, anaegemeza, anapiga, anatuma. Mahali pale pale, mwelekeo ule ule, maji yakiwa yamepwa. Lazima iwe maji yamepwa, kwa sababu kwetu bamvua maji ya kujaa na ya kupwa hupishana kwa zaidi ya mita 3, na ukichanganya nyakati utalinganisha bahari na bahari badala ya mti na mti. Simu yenyewe huandika tarehe na saa ndani ya picha. Vijana wa Jomvu wanaweza kuifanya kazi hiyo, na mtafiti angepata kumbukumbu ya miaka ambayo asingeipata kwa ziara zake za wiki mbili mbili.

Tungeanza na miche. Kila mwaka hatukosi picha za viongozi wamevaa buti mpya, wameshika mche wa mkoko, wanatabasamu. Kabla gari halijawashwa tayari picha iko mitandaoni. Jamani, tupigieni na picha ya pili, pale pale, miezi sita baadaye. Wazee wa hapa wanajua kwamba mkoko ukiupanda mbele kabisa, mahali ambapo kwa asili huota mlilana, aina nyingine ya mikoko, mawimbi huung'oa, na viumbe vyenye magamba hung'ang'ania shina lake changa hadi linalala. Watafiti nao wanalijua hilo. Anayepanga siku ya kupanda miti ndiye ambaye hajaambiwa, au ameambiwa na basi la wageni lilikuwa limeshalipiwa.

Na tope lenyewe lina historia yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara hadi hori ya Mwache, ukaifunika mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama. Mwaka huo huo wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe ya miamba yetu yakapauka na mengi yakafa. Vijana waliozaliwa baadaye wanadhani mwamba ulikuwa hivi tangu hapo. Picha za kabla zipo, kwenye masanduku na kompyuta za watu waliokuwa wakizamia wakati ule, baadhi yao hapa hapa mjini. Hakuna maonyesho ya bei rahisi kuliko kuziweka mbili hizo ukutani, ya kabla na ya baada.

Mombasa tumewahi kuyafanya haya vizuri. Bamburi, 1971, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu. Mvinje ndio uliostawi, ila majani yake yalianguka yakalala bila kuoza, hadi wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayala, wakaanza kuyageuza udongo. Leo pale ni Haller Park, na wapo watoto wengi wa Kisauni wanaoweza kukueleza habari ya jongoo wale kwa ufasaha kuliko mimi. Walipelekwa na shule, wakamwona jongoo kwa macho, wakasimuliwa. Basi.

Tukivuka Likoni tukashuka hadi Gazi, Kwale, kuna Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Hesabu ya kaboni si hesabu rahisi, lakini ukimuuliza mtu wa Gazi atakueleza mti unapimwa wapi na kwa nini. Hakuzaliwa anajua. Alielezwa na watafiti, tena kwa kurudiwa rudiwa, kwa sababu mradi usingesimama bila yeye kuelewa.

Na hapa hapa kwenye miamba yetu, malema, ile mitego ya samaki ya kusuka. Watafiti walijaribu kuacha mwanya mwembamba kwenye lema, samaki wachanga na wale wembamba wasio na bei wakapata pa kutokea, wakubwa wakabaki. Wavuvi walishirikishwa, wakajionea kwa macho kwamba kipato hakikushuka. Mvuvi haamini grafu, anaamini kapu. Nami simlaumu.

Linganisheni na kurabu. Kunguru huyu wa Bara Hindi, ambaye alionekana Mombasa mara ya kwanza 1947, hahitaji mpiga picha, anajileta mwenyewe dirishani mwa jiko. Kila mtu mjini ni mtaalamu wake. Ilipotangazwa 2024 kwamba watapunguzwa kwa sumu, mtaani kwetu maswali yalikuwa ya maana kabisa: paka akila mzoga atakufa? Kuku je? Mtoto akiokota? Jibu la kitaalamu lipo: dawa ya aina ile huvunjwa mwilini mwa ndege kabla hajafa, kwa hiyo hatari kwa anayemla ni ndogo. Lakini nilichokiona kikizunguka kwenye simu zetu kilikuwa sauti ya mtu asiyejulikana, akisema tusinunue nyama kwa wiki mbili. Karatasi moja yenye picha ya kurabu mwenye shingo ya kijivu, na pembeni yake kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe ambaye hatakiwi kuguswa, ingelinyamazisha jambo hilo asubuhi moja. Wangeisoma redioni Pwani FM, ikaisha.

Sasa nije kwenye kero ya kamera, nayo sitaizungusha. Sisi wapiga picha wa mjini tunafukuzwa. Ukitoa simu ufukweni hakuna anayekutazama. Ukitoa kamera yenye lenzi ndefu, hata kama unamwinda ndege kama mdiria, anatokea mtu mwenye sare au asiye na sare anauliza kibali. Cha nani? Hasemi. Bei yake? Inategemea. Nimewahi kupelekwa kwenye ofisi ambayo sitaitaja, nikaambiwa ada ya filamu, wakati nilikuwa napiga picha ya mizizi. Mgeni aliyekuwa hatua chache kutoka nilipo, ana lenzi kubwa mara mbili ya yangu, aliachwa na ndege wake, sululu.

Tunaelewa kwamba bandari na kivuko vina usalama wake, na hatuombi kupiga picha huko. Tunaelewa pia kwamba ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa 1986, kuna ada na kuna sheria, na ni haki ziwepo. Tunachokitaka ni ubao. Ubao mmoja kwenye kila mlango wa ufukwe na kila njia ya kushukia hori, umeandikwa kwa Kiswahili: hapa picha za kawaida hazilipiwi, za biashara zinalipiwa kiasi hiki, ofisi fulani, stakabadhi lazima, hapa pasipigwe picha kabisa. Mkiuandika, mmetuondolea sisi fedheha na mmewaondolea vijana wenu kishawishi.

Najua baadhi yenu mtakuwa na wasiwasi, na wasiwasi mmoja naukubali wote. Ukionyesha mahali kasa alipotaga, unaweza kuwa umemwelekeza mwizi wa mayai. Kweli. Picha inaweza kubandikwa bila kutaja mahali, na hata ile programu ya iNaturalist, ambayo watu wa ndege na mimea wanaitumia hapa, huficha mahali hasa pa viumbe walio hatarini. Simu nazo hutia alama ya mahali ndani ya picha bila mwenyewe kujua. Vijana wafundishwe kuizima. Hilo ni somo la nusu saa.

Wasiwasi wa pili ni wa wasomi: kwamba matokeo yakifupishwa yatapotoshwa. Huo siukubali sana. Yanapotoshwa zaidi yakikosekana. Mwandikeni anayejua kuandika, mwiteni mhariri wa Kiswahili, tunao wa kutosha Mombasa na wengine wanatafuta kazi. Mkiwa hamna uhakika wa jambo, andikeni hivyo hivyo. Mvuvi ameishi na shaka ya upepo maisha yake yote, hataanguka chini kwa kuambiwa “huenda”. Na majina ya viumbe muwaulize wenyeji: tafi, pono, puju, tewa, mlilana, mkandaa, mkomafi. Jina la Kilatini nalo liwepo, dogo, chini, ili mwanafunzi alipate.

Fedha? Kuchapisha karatasi kubwa na kuipaka plastiki isilowe ni gharama ambayo haifiki hata mafuta ya boti ya siku moja ya utafiti. Sitaki kulizungumza zaidi.

Kuhusu mahali pa kuonyesha picha, mnazo kuta nyingi kuliko mnavyodhani. Maonyesho ya picha za viumbe wa pwani yakifanywa, hufanywa kwenye hoteli, kwa kadi ya mwaliko, na juisi. Sisemi yaachwe. Lakini pale kivuko cha Likoni maelfu ya watu husimama kila siku wakisubiri feri, hawana la kutazama ila kisogo cha aliye mbele. Wekeni hori pale. Wekeni jani la mchu lenye chumvi, ukubwa wa mlango. Wekeni ile 86.9, na chini yake ramani mbili za Tudor, ya 1992 na ya 2009. Kisha wekeni nyingine Mama Ngina, ambako familia hukaa jioni na mihogo ya kukaanga, na nyingine Kibarani, palipokuwa jaa la taka kabla halijafungwa na miti kupandwa.

Picha zipigwe na watu wa hapa, walipwe, na majina yao yaandikwe. Mtu akipigwa picha aombwe ruhusa kwanza, na baadaye apewe nakala yake. Mzee wa kaa angependa ya kwake aitundike sebuleni.

Taasisi kuu ya taifa ya utafiti wa bahari iko Mkomani, vyuo viko, wavuvi wako, hori iko chini ya madirisha ya nyumba zetu. Kinachohitajika kuanza hakingoji mwaka wa fedha ufike Julai. Sharti moja liongezwe kwenye barua ambayo tayari mnaitia sahihi mtafiti anaporipoti kwenu: kwamba ataleta ukurasa wa Kiswahili wenye picha, ataleta kwa nani, na lini. Asiyeleta asipewe barua ya pili. Kwa tafiti zilizopita, anzeni na hii ya 2014 ya mikoko ya Tudor na Mwache, maana waliokatiwa msitu wao bado wanaishi hapo hapo, na wanaoukata pia. Mkihitaji picha za kuambatanisha, za Mikindani ninazo, na kwa kazi hiyo sitatoza chochote.

Nakala ya barua hii nimeichapisha kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye banda la wavuvi. Mkijibu, naomba jibu nalo libandikwe hapo, kwa sababu wengi wa wanaolisubiri hawana barua pepe.

Wenu katika kuipenda pwani,

Mpiga picha wa Mikindani,
Mombasa